Somo la 9: Mwili Uliokufa Ganzi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zaburi 94:9, Zaburi 139:13–16, Yohana 9:1–3, 2 Samweli 11 na 12, Waefeso 4:17–19, Marko 1:40–45, Mambo ya Walawi 14:14–18, Yohana 13:1–17, 1 Wakorintho 12:12–26.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 12:26. Lisome katika Biblia yako, ulikariri pamoja na watu wa nyumbani mwako. Humo Paulo anafundisha kwamba maumivu ya mmoja ni habari kwa mwili wote, na heshima ya mmoja vivyo hivyo.

Kila mkulima wa mpunga hapa Ndandalo anajua kulaani maumivu. Mgongo unauma baada ya kupandikiza, mwiba unachoma mguu, wishwa linaingia jichoni wakati wa kupepeta. Tungeulizwa, wengi tungesema dunia isiyo na maumivu ndiyo tunayoingojea, na kweli Bwana ameiahidi. Lakini katika dunia hii ya sasa, yuko mtu asiyesikia maumivu, naye hatumwonei wivu. Mkono wake unaungua kwenye chungu asijue. Jicho lake linaharibika asijue. Si kwamba ana nguvu kuliko sisi. Mishipa yake ya fahamu imeacha kupeleka habari.

Juma hili tutajifunza habari za mishipa ya fahamu ya kichwa na shingo, na ugonjwa mmoja unaoishambulia, yaani ukoma. Tutauliza pia swali lililo gumu zaidi: je, mwili wa Kristo, yaani kanisa, unaweza kufa ganzi? Na tutajuaje?

Lijifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Aliyelitia Sikio Mahali Pake

Soma Zaburi 94:9 na Zaburi 139:13–16. Mtunga zaburi anajenga hoja gani kutokana na jinsi sikio, jicho na mwili vilivyoumbwa?

Kutoka katika ubongo hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, moja kulia na moja kushoto. Jozi ya kwanza huleta harufu, na ya pili huleta kuona. Ya tatu, ya nne na ya sita huyageuza macho. Ya tano huleta hisia za uso mzima na kuendesha taya tunapotafuna. Ya saba huukunja uso, hufumba kope na kuchora tabasamu. Ya nane huleta sauti na kutufanya tusimame bila kupepesuka. Ya tisa husaidia koo kumeza. Ya kumi hushuka kupitia shingoni hadi moyoni na tumboni, na matawi yake huendesha sauti yako unapoimba. Ya kumi na moja hugeuza shingo na kuinua bega. Ya kumi na mbili huuongoza ulimi.

Chini yake, uti wa mgongo hutoa jozi 8 nyingine shingoni. Baadhi yake huungana na kuushusha mshipa unaoendesha ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, ambao kwa huo tunavuta pumzi. Tawi jingine hupanda ubavuni mwa shingo hadi kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, kuleta hisia za mahali hapo.

Tazama jinsi zinavyofanya kazi. Mama anapika ndizi, moshi unamjia usoni. Jozi ya tano inapeleka habari kwamba macho yanawasha. Mara hiyo jozi ya saba inafumba kope, na machozi yanatoka kuosha. Hakusubiri kufikiri. Habari ilikwenda, na tendo likarudi.

Tusiifanye hesabu ya 12 kuwa fundisho la siri, maana Biblia haikusema hivyo. Jambo la kushangaza ni lile mtunga zaburi alilolisema: aliyeumba sikio hawezi kuwa kiziwi. Mungu aliyetupa mishipa ya kutuletea habari za maumivu yetu, yeye mwenyewe anazo habari hizo.

Tafakari: Ni lini maumivu yalikuokoa na hatari kubwa zaidi? Je, ulimshukuru Mungu kwa ajili yake?

JUMATATU
Jicho Lisilofumba

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi waliuliza swali gani kumhusu kipofu, na Yesu alilijibuje?

Ukoma huletwa na kimelea kidogo sana, ambacho daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway alikigundua mwaka 1873. Hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi: ndewe za masikio, pua, uso, mikono na miguu. Huingia katika mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi na kuiharibu polepole. Dalili zinaweza kuchukua miaka mitano, hata ishirini, kabla ya kuonekana.

Mara nyingi dalili ya kwanza ni baka kwenye ngozi, lenye rangi iliyofifia au nyekundu. Haliwashi wala haliumi, na kwa sababu hiyo watu hulipuuza. Shingoni, ule mshipa unaopanda kwenda sikioni unaweza kuvimba hadi ukaonekana kama kamba mgonjwa anapogeuza uso upande wa pili. Si kila mshipa unaoonekana shingoni ni ukoma, maana ipo pia mishipa ya damu. Ndiyo sababu mhudumu wa afya hupapasa kwa vidole vyake.

Usoni, madhara ni makubwa zaidi. Ukiharibika mshipa wa jozi ya saba, kope hazifumbi sawasawa. Ukiharibika na wa jozi ya tano, jicho halisikii kitu. Sasa fikiri mkulima wa namna hiyo akipepeta mpunga. Wishwa linaingia jichoni. Wewe na mimi tungepiga kelele na kukimbilia maji. Yeye hasikii, wala kope haimkingi. Jioni jicho ni jekundu, baada ya siku kadhaa lina kidonda, na bado haliumi. Anaweza kuwa kipofu katika jicho hilo kwa sababu ya kipande cha ganda la mpunga. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India, alisaidia kuonyesha kwamba viungo vingi vya wagonjwa wa ukoma huharibika kwa njia hii: si kwamba nyama inaoza yenyewe, bali majeraha hayasikiki na kwa hiyo hayatunzwi.

Ijapokuwa juma hili tutautumia ugonjwa huu kama mfano, tusimkosee mgonjwa. Yesu alikataa kuufanya upofu wa mtu kuwa hesabu ya dhambi zake. Mwenye ukoma katikati yetu si picha ya dhambi. Hakulaaniwa, hakurogwa, wala ukoo wake si mchafu. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake una dawa.

Tafakari: Ni maneno gani yanayosemwa kijijini kwenu kuhusu ukoma ambayo Yohana 9:3 inayakanusha?

JUMANNE
Baka Katika Dhamiri ya Mfalme

Soma Waefeso 4:17–19 na 2 Samweli 11:25 hadi 12:7. Daudi alikuwa ameacha kusikia maumivu mahali gani, na alikuwa bado anasikia mahali gani?

Biblia yetu ya Kiswahili, katika Waefeso 4:19, inalitumia neno ganzi kwa watu waliozoea uovu. Ganzi ya namna hiyo haiji siku moja. Daudi kijana alipokata upindo wa vazi la Sauli pangoni, alichomwa moyoni kwa jambo dogo kama hilo (1 Samweli 24:5). Dhamiri yake ilikuwa hai. Miaka ilipita. Akamchukua mke wa Uria, akamwua Uria kwa upanga wa adui, kisha akamtumia Yoabu maneno ya kumtuliza asilione jambo hilo kuwa baya. Hapa hatusomi kwamba moyo ulimchoma.

Lakini angalia. Nathani alipomsimulia habari ya tajiri aliyenyang'anya mwana-kondoo wa maskini, Daudi aliwaka hasira. Kumbe alikuwa bado anahisi! Alimhurumia maskini, akachukia dhuluma, akataja hata malipo ya mara nne. Hakuwa amekufa ganzi mwili mzima. Alikuwa na baka moja, na pembeni mwake pote palikuwa pazima.

Hivi ndivyo baka la ukoma lilivyo. Ngozi inayolizunguka inahisi vizuri, kwa hiyo mtu hujiona mzima. Mhudumu wa afya humwambia afumbe macho, kisha humgusa kwa kipande cha pamba na kumwomba aonyeshe alipoguswa. Mahali pazima anaonyesha. Kwenye baka ananyamaza. Kipimo hiki kinahitaji mtu mwingine. Daudi alihitaji Nathani.

Ndugu, tunaweza kuitunza Sabato, kutoa zaka na kuchagua chakula kwa uangalifu, na mambo hayo yote yakawa hai ndani yetu, huku tukiwa na baka moja. Pengine ni shamba la mjane tulilolisogezea mpaka. Pengine ni kibarua wa kuvuna kakao ambaye hatujamlipa. Pengine ni jirani mgonjwa ambaye hatujamtembelea tangu uso wake ulipoanza kubadilika. Tusipohisi kitu hapo, si ushahidi kwamba hatuna kosa.

Tafakari: Ni nani amepewa nafasi katika maisha yako ya kukugusa mahali usipohisi? Je, humsikiliza?

JUMATANO
Mkono Uliomgusa

Soma Marko 1:40–45 na Mambo ya Walawi 13:45, 46. Kuna tofauti gani kati ya hali ya mwenye ukoma chini ya sheria ile na jinsi Yesu alivyomtendea?

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa ukoma katika Mambo ya Walawi ni pana. Lilihusu magonjwa mbalimbali ya ngozi, hata madoa katika nguo na kuta za nyumba. Kwa hiyo tusidhani kila mtu aliyetajwa humo alikuwa na ugonjwa tuujuao leo. Hata hivyo, mzigo wa kutengwa ulikuwa uleule: kukaa nje, na kutangaza unajisi wako mwenyewe kwa sauti.

Yesu angeweza kumponya mtu yule kwa neno tu. Alifanya hivyo kwa wale kumi wa Luka 17, waliokuwa mbali. Lakini huyu alikuja akapiga magoti, na kabla ya kutamka uponyaji, Yesu alinyosha mkono akamgusa. Ni miaka mingapi ilikuwa imepita tangu mtu amguse? Marko hasemi. Anasema tu kwamba Yesu alimhurumia. Yesu alihisi kwanza, kisha mkono wake ukaenda.

Sasa soma Mambo ya Walawi 14:14–18. Aliyetakaswa alipakwa damu ya sadaka, kisha mafuta, kwenye ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono na kidole kikubwa cha mguu. Mafuta yaliyobaki yaliwekwa kichwani. Sikio ni la kulisikia tena neno la Mungu, mkono ni wa kufanya kazi tena, mguu ni wa kutembea tena kati ya watu. Sikio, mkono na mguu ndizo sehemu zilezile ambazo ukoma wa leo huzishambulia mapema. Hatusemi kwamba Musa alikuwa anafundisha habari za mishipa ya fahamu. Tunasema kwamba Mungu hakuridhika mtu apone na kubaki nje ya kambi. Palikuwa na ibada ya kumrudisha, na kuhani ndiye aliyetoka nje ya kambi kumwendea (14:3).

Tafakari: Katika kanisa lako, ni nani anayetoka nje kumwendea mtu aliyetengwa? Au tunangoja arudi mwenyewe?

ALHAMISI
Beseni la Maji

Soma Yohana 13:1–17 na 1 Wakorintho 12:21–26. Yesu aliifanya miguu ya wanafunzi wake kuwa shughuli ya nani?

Robo hii, kama kila robo, tutakuwa na Meza ya Bwana, na kabla yake huduma ya unyenyekevu. Ndugu hutawadhana wawili wawili, na akina mama vivyo hivyo. Kila mzee wa kanisa anajua kwamba watu huchagua wenzi. Rafiki humwita rafiki. Tuseme yuko baba ambaye vidole vyake vya miguu vimefupika, na jicho lake moja halifumbi. Alitumia dawa akazimaliza, na mhudumu wa afya amemwambia amepona. Anasimama ukutani na taulo begani. Mabeseni yanajaa, watu wanainama na kuinuka, na hakuna aliyemwita. Robo inayofuata anabaki nyumbani. Tukiulizwa, tunasema amepoa kiroho.

Nani hapo aliyekufa ganzi? Miguu yake haihisi, naye anajua, kwa hiyo huikagua kila jioni. Sisi hatuhisi, wala hatujui.

Mtu aliyekwisha kuanza dawa haambukizi tena baada ya muda mfupi sana. Watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huu, na maambukizi huhitaji ukaribu wa muda mrefu na mtu asiyetibiwa. Makovu na vidole vilivyopungua haviambukizi mtu. Maji ya beseni hayaleti ukoma. Kinachoeneza ugonjwa ni hofu: mtu anaona baka, anaogopa midomo yetu, analifunika kwa khanga au shati la mikono mirefu, na miaka inapita huku mishipa yake ikifa na watoto wake wakiambukizwa.

Kwa hiyo kundi lako la kujifunza lina kazi juma hili. Jifunzeni dalili, mzitaje wazi bila aibu. Mwenye baka lisilohisi, ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, au kope isiyofumba, asindikizwe na mtu hadi zahanati au hospitali ya wilaya, na watu wa nyumbani mwake wachunguzwe pamoja naye. Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Dawa hutolewa bure, kwa miezi 6 wenye mabaka machache na miezi 12 wenye mengi. Udhaifu wa mishipa ukiwahiwa ndani ya miezi 6, mara nyingi unaweza kurekebishwa. Ukicheleweshwa, dawa huua vimelea lakini hisia zilizopotea haziwezi kurudi. Na uso ukipinda ghafla upande mmoja, usiseme amepigwa na upepo mbaya. Huenda ni kiharusi au ugonjwa mwingine wa mshipa wa uso. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Tafakari: Katika huduma ya unyenyekevu ijayo, utamtafuta nani?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Kanisa letu halikuanza jana kazi hii. Kusini mwa Malawi, nchi tunayoitazama ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mission ya Malamulo iliyoanzishwa mwaka 1902 iliwahudumia wenye ukoma kwa miaka mingi, wakati ambapo dawa ya kuponya haikuwapo. Waliwafunga vidonda, wakaabudu nao. Hapa Tanzania, mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977. Dawa ya mseto, inayoponya kabisa, ilianza kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mapema katika miaka ya 1980. Waliotutangulia walikuwa na huruma bila dawa. Itakuwa huzuni ikiwa sisi tuna dawa bila huruma.

Ellen White alifundisha kwamba mishipa ya ubongo ndiyo njia ambayo mbingu huitumia kuwasiliana na mwanadamu. Kwa sababu hiyo tunafundishwa kuepuka pombe, tumbaku na kila kitu kinachoipumbaza. Lakini mtu aweza kuwa na ubongo usioguswa na kileo hata siku moja, na bado habari za jirani yake zisimfikie. Katika Wakolosai 2:19 Kristo ndiye Kichwa, na mwili wote huungamanishwa naye kwa viungo na mishipa. Kiungo kisichopata habari za kiungo kingine kina shida na Kichwa pia.

Hata hivyo kuna tumaini ambalo vidonge havina. Mshipa uliokufa kwa miaka mingi, dawa haiufufui. Lakini katika Ezekieli 36:26 Mungu anaahidi kuondoa moyo wa jiwe na kuweka mahali pake moyo wa nyama. Jiwe halihisi, nyama inahisi. Ahadi hiyo ikitimia, jambo la kwanza tutakaloliona huenda likawa ni maumivu: kulia kwa Daudi katika Zaburi ya 51, au aibu ya kukumbuka mtu tuliyemwacha amesimama ukutani. Tusiyakimbie maumivu hayo. Ni dalili kwamba habari zimeanza kufika.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ni hatari kumwita mgonjwa wa ukoma mfano wa dhambi? Tunawezaje kuyafundisha mafungu ya Mambo ya Walawi bila kumjeruhi mtu aliyeketi darasani?

2. Daudi alihisi dhuluma ya mwingine asihisi yake. Taja mambo ambayo jamii yetu ya Kyela huyahisi haraka, na mengine ambayo tumeyafia ganzi.

3. Kama kijana wa kanisa angegundua leo kwamba ana baka lisilohisi, angemwambia nani kwanza? Je, jina lako lingekuwamo? Kwa nini?

4. Darasa lenu lipange jambo moja la kutenda kabla ya Meza ya Bwana ijayo: nani atatembelewa, nani atasindikizwa hospitali, nani ataitwa kwenye beseni. Andikeni majina ya watakaokwenda, na Sabato inayofuata waleteni habari.